George Müller: Imani iliyojengwa asubuhi kwa asubuhi

Huenda unasoma safu hii ukiwa umetoka ibadani, au unajiandaa kwenda. Na huenda, katikati ya nyimbo na mahubiri, mawazo yako hutoroka mara moja au mbili kwenda kwenye ada ya shule, kodi ya nyumba, au majibu ya vipimo unayoyasubiri kutoka hospitali. Unaamini kwamba Mungu yupo. Unakiri hivyo kila Jumapili. Lakini ikifika Jumatatu alfajiri, hofu ndiyo inayoamka kabla yako.

Swali letu leo ni hili: mtu anaupataje uhakika wa kumtegemea Mungu, ule usioishia mdomoni? Wengi wetu tunadhani kwamba imani ya namna hiyo ni kipaji walichozaliwa nacho watu wachache. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi twende tukamtazame mtu mmoja ambaye imani yake ilielea kwenye mawimbi makubwa, tuone ilivyoundwa.

Mtu huyo ni George Müller. Alizaliwa tarehe 27 Septemba 1805 huko Kroppenstedt, Prussia, mji ambao leo uko Ujerumani. Baba yake alikuwa mtoza ushuru wa serikali, na kijana George alijifunza mapema kuiba fedha za serikali alizokuwa nazo baba yake nyumbani. Usiku ambao mama yake alikuwa anakata roho, yeye, akiwa na miaka 14, alikuwa anacheza karata bila kujua kinachoendelea, na kesho yake akaenda kunywa pombe na wenzake. Alipofika miaka 16 aliishi kwenye nyumba za wageni za gharama bila fedha ya kulipa, akakamatwa na kukaa gerezani zaidi ya wiki tatu, mpaka baba yake alipomlipia deni.

Usishangae nikikuambia kwamba kijana huyu alikuwa anaandaliwa kuwa mchungaji. Baba yake alitaka hivyo, si kwa sababu ya wito, bali kwa sababu kazi hiyo ilikuwa na mshahara wa uhakika na nyumba nzuri ya kuishi, na mzee angepata mahali pa kupumzikia uzeeni. George alikuwa msomi mzuri. Alikuwa na vitabu vyake mwenyewe vipatavyo 300. Katika vitabu hivyo vyote, Biblia haikuwamo hata moja.

Mwaka 1825, akiwa mwanafunzi wa theolojia katika Chuo Kikuu cha Halle, rafiki yake alimpeleka Jumamosi moja jioni kwenye nyumba ya mfanyabiashara mmoja Mkristo, walikokutana watu wachache kuimba, kusoma sura ya Biblia na kuomba. Hapo alimwona mtu akipiga magoti kumwomba Mungu. Alikuwa hajawahi kuona jambo hilo maishani mwake, wala yeye mwenyewe hakuwahi kupiga magoti hivyo. Alirudi chumbani kwake akiwa na furaha ambayo hakuweza kuieleza. Wokovu wake ulianzia hapo.

Lakini angalia jambo hili, msomaji wangu, maana linatuhusu. Kwa miaka kama minne baada ya kuokoka, Müller alisoma vijitabu vya dini, magazeti ya wamisionari, mahubiri yaliyochapwa na maisha ya watumishi wa Mungu. Biblia yenyewe aliisoma kidogo sana. Baadaye alikiri kwamba alibaki mtoto mchanga kiroho kwa sababu hiyo. Alikuwa anasoma habari za chakula bila kula.

Je, sisi leo hatufanyi hivyo? Asubuhi simu inaingiza ujumbe wa kutia moyo kutoka kwenye kundi la jumuiya. Mchana tunasikiliza mahubiri ya dakika tano. Jioni tunasambaza picha yenye mstari mmoja na maua pembeni. Hayo si mabaya. Lakini ni mabakuli ya wengine. Mtu anaweza kuishi miaka kumi kwa mistari aliyotumiwa na wenzake bila kukaa mezani mwenyewe.

Mwaka 1829 Müller alihamia Uingereza, akaugua, na akapelekwa kupumzika katika mji mdogo wa Teignmouth, ulio kando ya bahari. Huko ndiko alikoamua kujaribu jambo moja. Alijifungia chumbani na Biblia peke yake, akaomba, akasoma na kutafakari. Katika saa chache za jioni ile alijifunza zaidi ya alivyojifunza kwa miezi mingi kabla yake. Tangu hapo akaanza kuisoma Biblia kwa utaratibu: Agano la Kale na Agano Jipya kwa zamu, toka mwanzo hadi mwisho, akiweka alama mahali alipoishia ili kesho aendelee pale pale. Hakuchagua tu sura alizozipenda. Mpaka anafariki alikuwa ameisoma Biblia nzima zaidi ya mara 100.

Mwaka 1830 alimwoa Mary Groves. Muda mfupi baadaye wawili hao waliacha mshahara wa kanisa uliotokana na kodi ya viti, kwa sababu uliwaweka matajiri mbele na maskini nyuma. Wakaamua kumtegemea Mungu kwa kila hitaji, bila kumwambia mtu. Mwaka 1832 walihamia mji wa Bristol. Mwaka huo huo kipindupindu kiliingia mjini na kuua watu wengi. Watoto wa mitaani, wasio na baba wala mama, walikuwa sehemu ya mandhari ya kila siku.

Hapa tunafika kwenye kisa ambacho napenda ukikumbuke kuliko vyote. Müller alikuwa na tabia ya kuwatembelea waumini. Siku moja alimtembelea ndugu mmoja aliyefanya kazi saa 14 mpaka 16 kila siku. Mwili wake ulikuwa umechoka, na roho yake haikuwa na furaha yoyote kwa Mungu. Müller akamshauri apunguze saa za kazi, apate nafasi ya kusoma Neno na kuomba. Yule ndugu akajibu kwamba akipunguza kazi, familia yake haitakula, kwani hata kwa saa hizo zote kipato hakitoshi.

Msomaji, unamfahamu mtu huyo? Huenda ni wewe. Unafungua duka kabla ya jua, unafunga usiku. Unapanda daladala alfajiri ili usichelewe kazini, unarudi watoto wamelala. Ukiambiwa usome Biblia kila siku, unaona ni mzigo mwingine juu ya mzigo. Müller hakumdharau ndugu yule wala hakumgombeza. Aliona kwamba tatizo halikuwa saa. Tatizo lilikuwa kwamba mtu yule, pamoja na kwenda kanisani, hakuamini hasa kwamba Mungu angemtunza. Hofu ilimnyima muda wa Neno, na kukosa Neno kukaongeza hofu. Mduara ukajifunga.

Kwa hiyo Müller akatamani awaonyeshe watu kama yule, kwa jambo la kuonekana kwa macho, kwamba Mungu wa Ibrahimu na wa Eliya hajazeeka. Alikumbuka kazi ya August Hermann Francke, aliyejenga nyumba kubwa ya yatima kule Halle zaidi ya miaka 100 kabla, kwa kumtegemea Mungu. Akajiuliza: je, kama mtu maskini, asiye na ukoo wenye mali, akiweza kulisha yatima kwa maombi na imani tu, bila kuomba msaada kwa mtu yeyote, si itakuwa ushahidi wa kuimarisha imani ya ndugu waliochoka? Watoto aliwapenda na alitaka wapone. Lakini lengo la kwanza, kama alivyoeleza yeye mwenyewe, lilikuwa kwamba Mungu aonekane kuwa mwaminifu.

Wakati huo nyumba yake haikuwa imetoka kwenye sherehe. Mwezi Juni 1835 yeye na Mary walikuwa wamemzika mtoto wao wa kiume, Elijah, aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi mitatu.

Mwezi Desemba mwaka huo, jioni moja katika usomaji wake, alifika Zaburi ya 81. Mstari wa 10 unamwambia mwenye kumcha Mungu afumbue kinywa chake sana, naye Bwana atakijaza. Alikuwa ameupita mstari huo mara nyingi. Safari hii ulimsimamisha. Mpaka siku ile alikuwa ameomba tu kuonyeshwa kama kazi hiyo ni mapenzi ya Mungu, bila kuomba kitu chenyewe. Sasa akapiga magoti na kuomba nyumba, wasaidizi wanaofaa, na pauni 1,000, fedha nyingi sana kwa wakati ule.

Fedha hizo hazikuanguka usiku ule. Aliziomba karibu kila siku kwa miezi 18 na siku 10, na pauni ya mwisho ikatimia Juni 1837. Nakutajia siku hizo kwa makusudi, kwa sababu leo tunafundishwa imani ya papo kwa papo. Mtu huyu alisimama juu ya mstari mmoja kwa mwaka mmoja na nusu, na kilichomfanya asichoke ni kwamba kila asubuhi alirudi kwenye Kitabu na kumkuta Mungu yule yule.

Nyumba ya kwanza ilifunguliwa Aprili 1836 katika mtaa wa Wilson. Kabla ya hapo kulitokea jambo la kumnyenyekeza. Ilipofika siku ya kupokea maombi ya watoto, hakuna aliyeleta mtoto. Akagundua kwamba alikuwa ameomba kwa ajili ya nyumba, samani, fedha na wafanyakazi, lakini hakuwahi kuwaombea watoto waje! Alidhani hilo lingejiendesha lenyewe. Jioni ile alianguka kifudifudi mbele za Mungu. Kesho yake ombi la kwanza likaletwa.

Zikafuata nyakati ngumu, hasa tangu mwaka 1838. Siku nyingi kulikuwa na chakula cha leo bila cha kesho, na wakati mwingine cha asubuhi bila cha mchana. Müller hakukopa, wala hakutangaza upungufu uliokuwapo. Aliwakusanya wafanyakazi wenzake, wakaomba. Siku moja ya Septemba mwaka huo hazina ilikuwa tupu kabisa. Akatokea mama mmoja aliyetoka karibu na London, akakabidhi fedha alizotumwa na binti yake. Kumbe mama huyo alikuwa amefika Bristol siku nne au tano zilizopita, na alikuwa amepanga jirani kabisa na nyumba ya yatima. Siku zote ambazo watumishi wale walikuwa wakilia mbele za Mungu, jibu lilikuwa limelala ng'ambo ya ukuta.

Sasa, siri ya utulivu wa mtu huyu ilikuwa wapi? Mwaka 1841, akiwa mapumzikoni katika mji wa Nailsworth, alijifunza jambo lililobadilisha asubuhi zake zote zilizobaki. Kwa miaka kama kumi alikuwa akiamka na kuanza kuomba mara moja. Lakini mara nyingi mawazo yalitangatanga, dakika kumi, robo saa, hata nusu saa, kabla hajaanza kuomba kwelikweli. Akaona kwamba kazi yake ya kwanza kila siku si kumtumikia Mungu wala hata kuwasilisha mahitaji ya yatima, bali roho yake mwenyewe ipate kumfurahia Mungu. Na njia ya hilo ni chakula. Mtu hawezi kufanya kazi kutwa bila kula, na mtu wa ndani hali kadhalika.

Basi akaanza na Neno. Alichukua Agano Jipya, mara nyingi akitembea mashambani alfajiri, akasoma polepole, akitafuta chakula cha roho yake, si hoja za kuhubiri. Baada ya mistari michache alijikuta ama anatubu, ama anashukuru, ama anawaombea watu. Maombi yalitoka kwenye Neno yenyewe, bila kulazimishwa. Alisikitika tu kwamba hakuligundua jambo hilo mapema.

Mtume Paulo alifundisha katika Warumi 10:17 kwamba imani chanzo chake ni kusikia, na kusikia huja kwa neno la Kristo. Tunamtumaini mtu kwa kadiri tunavyomjua. Huwezi kumwachia mgeni wa stendi ufunguo wa nyumba yako, hata akiwa na uso mzuri. Lakini jirani uliyemjua miaka ishirini unamwachia na nyumba na watoto. Müller alimwachia Mungu nyumba na watoto kwa sababu alikuwa amekaa naye asubuhi baada ya asubuhi.

Tazama jinsi Neno lilivyojitokeza siku ya shida. Mwaka 1849 watoto walihamia kwenye jengo jipya eneo la Ashley Down, lenye nafasi 300. Mwishoni mwa Novemba 1857, boila iliyopasha jengo hilo joto ilianza kuvuja. Ilikuwa imezungukwa na ukuta wa matofali, na ili kuifikia ilibidi moto uzimwe na ukuta ubomolewe. Siku ya kazi ikapangwa. Kabla haijafika, upepo mkali wa kaskazini ukaanza kuvuma, baridi ya kwanza ya kipupwe, na ndani mlikuwa na watoto wadogo.

Müller alifanya mambo mawili. Aliwaita mafundi, maana kumtegemea Mungu si kukunja mikono. Na aliomba vitu viwili: Mungu ageuze upepo uwe wa kusini, na awape mafundi moyo wa kufanya kazi, kama wale waliojenga ukuta wa Yerusalemu siku za Nehemia. Jioni ya mwisho kabla ya kazi, upepo wa kaskazini ulikuwa bado unavuma. Siku yenyewe ukageuka kuwa wa kusini, hali ya hewa ikawa ya wastani hata moto usihitajike. Usiku ulipoingia, mafundi wenyewe wakasema wangependa kuendelea mpaka asubuhi. Boila ikatengenezwa.

Ombi lile la pili linatoka Nehemia 4:6. Ni nani kati yetu angeukumbuka mstari huo wakati watoto wanakaribia kutetemeka kwa baridi? Anaukumbuka yule aliyekuwa anausoma siku ambazo hapakuwa na shida. Siku ya dhoruba hujifunzi kuogelea. Unatumia ulichojifunza maji yakiwa yametulia.

Lakini nisikudanganye. Kusoma Biblia si hirizi, wala si njia ya kumlazimisha Mungu atoe tutakacho. Februari 1870 mkewe Mary alifariki baada ya ndoa ya miaka 39 na miezi minne. Alikuwa amemwombea. Katika siku za mwisho alimsomea Zaburi 84:11, isemayo kwamba Bwana hatawanyima kitu chema wao waendao kwa ukamilifu, na akautegemea mstari huo: kama kupona ni chema, Mungu atatoa, asipotoa, basi atakuwa ameona kilicho chema zaidi. Kwenye mazishi alihubiri mwenyewe, kutoka Zaburi 119:68, kwamba Mungu ni mwema na hutenda mema. Alisema hayo kuhusu Mungu aliyempa Mary, aliyemwachia miaka yote ile, na aliyemchukua. Mtu hawezi kubuni maneno hayo kando ya jeneza. Yalikuwa yameshaingia moyoni zamani.

Kufikia mwaka huo wa 1870 nyumba zilikuwa tano, zenye nafasi za watoto 2,050. Akikaribia umri wa miaka 70 alianza safari za kuhubiri zilizomfikisha katika nchi zaidi ya 40. Alifariki asubuhi ya tarehe 10 Machi 1898 akiwa na miaka 92. Jioni iliyotangulia alikuwa ameongoza ibada ya maombi. Katika maisha yake yatima zaidi ya 10,000 walipata makao, na karibu pauni milioni moja na nusu zilipita mikononi mwake kwa kazi hiyo na nyingine za Injili. Mali aliyoiacha yeye mwenyewe haikufika pauni 200.

Mpendwa, hujaitwa kujenga nyumba tano za yatima. Lakini umeitwa kumtumaini Mungu yule yule kwa nyumba yako moja. Anza kesho, na uanze kidogo. Chagua saa, hata kama ni dakika kumi na tano kabla ya wengine kuamka. Weka simu mbali. Chukua kitabu kimoja, mathalani Injili ya Marko, usome kwa mfululizo, na uweke alama ulipoishia. Usiharakishe kumaliza sura. Jiuliza: hapa Mungu anajionyesha kuwa wa namna gani? Kisha mrudishie jibu hilo kwa maombi, pamoja na ile ada, ile kodi na yale majibu ya hospitali. Ukikosa siku moja, usikate tamaa, rudi kesho. Haba na haba hujaza kibaba.

Na wewe unayefanya kazi saa 16, ndugu yule wa Bristol alipata mtu wa kumwonyesha, kwa miaka zaidi ya 60, kwamba Mungu anaweza kutegemewa. Ushahidi huo umefika hadi mezani kwako leo. Fungua Kitabu kesho asubuhi, kabla hofu haijaanza kusema.